Uzi: Nilisomea ualimu wa Elimu ya Michezo na afya. Unayetaka kuifuata njia hii, karibu tuzungumze

MwalimuKipenga #1

Habari za jioni wanajukwaa.

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, inboksi yangu inajaa swali moja: "Dada, nikasomee ualimu wa michezo? Huko kuna nini cha kusoma zaidi ya mpira?" Mwaka huu wameshafika wanne. Nimeamua nijibu hapa hadharani, maana jibu langu ni refu, na humu wamo walimu wanaonizidi uzoefu, watanisahihisha.

Mimi nilisoma stashahada kwenye chuo cha ualimu kimoja cha Kanda ya Ziwa. Masomo yangu ya kufundishia ni Elimu ya Michezo na Baiolojia. Sasa ni mwaka wa saba nipo sekondari ya serikali. Nyumbani walitaka niwe muuguzi, na baba alichukua muda mrefu kunikubalia.

Nianze na kilichotushtua wote. Tulifika chuoni na raba mpya na jezi. Kipindi cha kwanza mkufunzi akaingia na mchoro wa mifupa. Mifupa 206 ya mtu mzima, viungio vyake, msuli upi unashika wapi na unavuta nini. Baada ya hapo ikaja kazi ya moyo na mapafu wakati wa mazoezi, jinsi mwili unavyojipoza kwa jasho, na ukuaji wa mtoto. Hili la ukuaji lilinifungua macho kuliko yote. Kasi ya kurefuka kwa msichana hufika kilele karibu na miaka 12, ya mvulana karibu na miaka 14. Ndiyo maana kidato cha kwanza unakuta wasichana wamewapita wavulana vichwa. Ukiwapanga washindane kwa kuangalia umri peke yake, unashindanisha miili iliyo kwenye hatua tofauti kabisa, halafu yule mvulana mfupi anaamini hadi uzee kwamba yeye michezo hawezi.

Upande wa afya kuna lishe, magonjwa ya kuambukiza, afya ya uzazi na hedhi, dawa za kulevya, huduma ya kwanza. Kwenye huduma ya kwanza tulipiga magoti sakafuni tukakandamiza kifua cha mwanasesere, kama unavyomwokoa mtu ambaye moyo umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5, mkufunzi anatupigia makofi ya kutuhesabia. Dakika mbili tu mikono inatetemeka. Naomba sana, usilichukulie somo hilo kama la kupita mtihani.

Halafu viwanja. Hapa ndipo waliokimbia Hisabati walipokutana nayo tena. Kiwanja cha riadha cha mita 400 kina nyoosho mbili za mita 84.39 na nusu duara mbili za nusu kipenyo mita 36.50. Ukijumlisha haraka utaona hazifiki 400. Hazifiki kwa sababu njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo, pale mguu wa mkimbiaji unapopita kweli, kwa hiyo unapiga hesabu ya 36.80. Anayekimbia njia ya pili mzunguko mzima anaanzia mita 7.04 mbele ya wa kwanza, na kila njia inayofuata inaongeza mita 7.67. Tulichora kwa kamba, vigingi na chokaa, juani, na mkufunzi alikuwa anapita na futi yake. Kundi langu tulifuta na kuchora upya mara tatu.

Lakini ualimu wenyewe nilijifunza BTP, yaani yale mazoezi ya kufundisha shuleni. Nilipangiwa sekondari ya kata, kidato cha kwanza, wanafunzi 68, mpira mmoja. Andalio langu la somo lilikuwa safi: kupasha mwili, stadi ya kupiga pasi, kisha mchezo. Mkufunzi alikuja kunikagua siku hiyo, akakaa chini ya mwembe na daftari. Nikapuliza kipenga, timu mbili zikaingia, waliobaki wakasimama pembeni wakishangilia. Nikaona mambo yamekwenda vizuri, kelele zote zile za furaha.

Kipindi kilipokwisha akaniuliza: "Mwalimu, ni wangapi hawakuugusa mpira?"

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa nalo. Walioukosa kabisa walikuwa 49, na kati yao wasichana karibu wote. Akaniambia alama za andalio ananipa, za kufundisha hawezi, kwa sababu watoto 49 hawakufundishwa kitu. Nililia usiku ule, kisha nikaenda kwa fundi cherehani kuomba vipande vya nguo. Na wanafunzi wangu tukashona na kufunga mipira 17 ya matambara na kamba za katani. Kipindi kilichofuata, kila watoto wanne mpira mmoja, mraba wa hatua kumi, watatu wanapasiana, mmoja anakaba. Hakuna aliyesimama pembeni. Mimi ndiye niliyekimbia kuliko wote.

Hicho ndicho kitu ambacho kozi hii inakufundisha, na ndicho ninachotaka kila anayeifikiria akijue kabla hajajaza fomu. Kocha anatafuta 11 bora. Mwalimu wa michezo ana 68, na wote ni wake.

Maswali karibuni.

---

Mdogo_wa_CBG #2

Shikamoo dada. Mimi ni mmoja wa waliokufuata inboksi. Swali langu ni hili: mimi si mchezaji. Shuleni sijawahi kwenda UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, nilikuwa mtunza vifaa tu. Je, nitafaa? Na chuo gani?

---

MwalimuKipenga #3

Marahaba mdogo wangu. Uliyekuwa unatunza vifaa ulikuwa unajua mipira mingapi ina upepo, nani ana kiatu na nani hana. Hiyo ni nusu ya kazi yangu.

Utafanya vitendo, hilo hulikwepi. Utatupa tufe, utaruka, utapokezana vijiti, utacheza wavu, pete na mpira wa mikono. Lakini unapimwa kama unaweza kuonyesha hatua na kuzieleza, na kuona kosa la mwanafunzi na kulirekebisha. Darasani kwetu alikuwepo kijana aliyekuwa anachezea timu ya mkoa, mpira ulikuwa unamtii. Akiulizwa "umefanyaje?" anasema "unapiga tu hivi". Alipata shida kubwa sana BTP, kwa sababu kitu ambacho hakuwahi kuhangaika kukijifunza hakujua kukigawa vipande. Mimi niliyejifunza kupiga danadana ukubwani nilikumbuka kila hatua.

Kuhusu vyuo. Butimba pale Mwanza ni jina la siku nyingi kwa ualimu wa sanaa na michezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo kwa ngazi ya shahada. Malya, wilaya ya Kwimba, ni chuo cha maendeleo ya michezo na kipo chini ya wizara yenye dhamana ya michezo. Popote utakapoomba, uliza kabla hujalipa ada: cheti hiki kinaniingiza darasani kama mwalimu, au kinanifanya kocha au kiongozi wa michezo? Ni kazi tatu tofauti na zote za heshima, ila usije ukagundua tofauti siku ya kuomba ajira. Na chukua somo la pili la kufundishia lenye vipindi vingi. Wewe wa CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) una Baiolojia na Jiografia mkononi tayari. Baiolojia na Michezo zinabebana vizuri mno: nikifundisha mzunguko wa damu, nawatoa nje wapime mapigo yao kabla na baada ya kuruka kamba.

---

Mstaafu_GredA #4

Mwalimu binti yangu, nimesoma andiko lako nikakumbuka mbali.

Mimi nimefundisha shule za msingi tangu enzi za mchakamchaka wa alfajiri na halaiki za sikukuu. Mwaka 1974 nilikuwa bado mwanafunzi. Tarehe 2 Februari Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, Nyuzilandi, dakika 3 sekunde 32.16, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho bila kumwachia mtu. Habari zilipotufikia kwa redio, mwalimu wetu alitupimia mita 1500 kwa hatua zake, kutoka shule hadi mto na kurudi, akatukimbiza wote. Hakutafuta mshindi. Alisimama pale mwisho na kumsubiri wa mwisho kabisa, akamshika mkono. Huyo wa mwisho nilikuwa mimi. Naamini ndiyo sababu nilikuja kuwa mwalimu.

Kinachoniuma ni kilichotokea baadaye. Somo liliitwa majina mengi, Haiba na Michezo, kisha mengine. Jina lilikuwa kwenye ratiba ukutani lakini kipindi chenyewe kililiwa na Hisabati na Kiingereza kwa sababu ya mtihani wa darasa la saba. Nami nilikula vipindi hivyo, nakiri mbele yenu. Michezo ikabaki ya wale wachache wa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, wanaokaa kambini, wengine wanabaki kushika majembe.

---

MwalimuKipenga #5

Shikamoo baba. Nimesoma hapo kwenye kumshika mkono wa mwisho nikasimama kidogo.

Kwa sasa mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa Januari 2024 una Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu. Kuandikwa ni hatua. Ila kama ulivyosema, ratiba ya ukutani na kiwanja ni vitu viwili. Shuleni kwangu nilichofanya ni kumwomba mkuu wa shule vipindi vyangu viwe vya asubuhi, visikae mwisho wa siku vinapokatwa kirahisi, na najaza shajara ya somo kila kipindi kama mwalimu wa Kemia. Somo lisilo na andalio wala shajara ni rahisi kuazimwa.

---

Mama_wa_Wawili #6

Mimi si mwalimu, ni mzazi, na nina hasira zangu naomba mnivumilie.

Binti yangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Mwaka jana alichelewa namba, ule mstari wa asubuhi, mwalimu wa zamu akawakimbiza wote waliochelewa kuzunguka uwanja mara kumi. Mtoto akasema anaumwa, akaambiwa mvivu. Alilazwa siku sita. Tangu hapo nimemwandikia barua asishiriki michezo yoyote, anakaa darasani wenzake wakitoka. Sasa naambieni nyie mnaosomea haya, huko vyuoni mnafundishwa kuhusu watoto kama wangu?

---

MwalimuKipenga #7

Mama, pole sana. Pole na ya binti.

Tunafundishwa, ndiyo, lakini kwa vipindi vichache kuliko inavyostahili. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka. Hakuna mwalimu wa michezo atakayemaliza kazi yake bila kukutana nao. Mimi ninao wawili mwaka huu.

Ninavyofanya: mwanzo wa muhula, kabla hatujatoka nje hata mara moja, kila mwanafunzi ananijazia karatasi na mzazi: selimundu, pumu, kifafa, moyo, macho, aliyevunjika karibuni. Karatasi nazifungia kwenye kabati langu, kwa sababu si kila mtoto anataka darasa lijue. Mwenye selimundu anakuwa na chupa ya maji wakati wote, anakunywa bila kuomba ruhusa, anapumzika bila kuomba ruhusa. Anaanza taratibu na anaongeza taratibu. Sipimi mwendo wake kwa saa wala simshindanishi mpaka achoke kabisa. Hachezi akiwa amelowa mvua na baridi. Maumivu ya kifua, homa au pumzi ya kukata, tunakwenda hospitali, hatusubiri kengele.

Kwa masharti hayo, binti mmoja kati ya hao wawili anacheza pete nafasi ya mfungaji, eneo dogo, mbio fupi fupi. Ongea na kliniki yake, uwaulize kipi anaruhusiwa, waandike, umpelekee mwalimu wa michezo mkononi. Kukaa peke yake darasani wenzake wakicheka nje nako kunamuumiza.

Na hili nalisema kwa walimu wote mliomo humu, wa somo lolote. Kukimbiza mtoto kama adhabu ni kosa. Linaweza kumuua mgonjwa. Na kwa mzima, unamfundisha kwamba kukimbia ni mateso, halafu mimi kesho nimshawishi kwamba kukimbia ni uhai wake. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani angalau dakika 60 za kutoka jasho kwa siku, yaani dakika 420 kwa wiki. Mimi nina vipindi viwili vya dakika 40. Hata nikivitumia vyote bila kupoteza sekunde, sifiki hata moja ya tano. Zilizobaki atazipata nyumbani, njiani, mtaani, kama tu anapenda kutembeza mwili wake. Upendo huo ndio ninaoufundisha, na adhabu moja ya asubuhi inaweza kuufuta.

---

Mama_wa_Wawili #8

Nimekuelewa mwalimu. Kliniki ni Jumanne. Nitauliza.

---

Mwalimu_Kakamega #9

Pokeeni salamu kutoka Kenya. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili upande wa magharibi.

Huku kwetu PE, yaani elimu ya viungo, ilikuwa kwenye ratiba kwa miaka mingi lakini haitahiniwi, kwa hivyo ilikuwa inachukuliwa na masomo mengine vile mzee alivyosema. CBC, mtaala wa umilisi, ilipoingia ikaja Elimu ya Viungo na Afya katika shule ya msingi, halafu baadaye ikaunganishwa na sanaa. Sasa kwenye shule ya upili kuna njia tatu ambazo mwanafunzi anachagua, na moja ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Walimu waliosomea hii kitu kikamilifu ni wachache, wengi tumepewa tu kwa sababu tulicheza voliboli chuoni. Mimi ni mmoja wao, somo langu ni Historia. Mwalimu Kipenga, nianzie wapi? Nisirudi chuo miaka minne.

---

MwalimuKipenga #10

Karibu sana mwalimu. Kama ni mambo mawili tu, anza na huduma ya kwanza, kozi ya vitendo yenye mwanasesere, usisome kwenye karatasi. La pili, jifunze kupasha mwili na kuongeza uzito wa zoezi hatua kwa hatua. Watoto wa miaka 12 hadi 15 wanaolalamika maumivu chini kidogo ya goti, pale kano inaposhika mfupa wa ugoko, mara nyingi ni mfupa unaokua unaovutwa kupita kiasi na kuruka na kukimbia. Walimu wasiojua hudhani ni visingizio. Mpunguzie miruko, akiendelea kuumia aonwe na daktari.

Na tumia michezo ya watoto wenyewe. Rede, ule mchezo wa wawili kumrushia mpira aliye katikati, inafundisha kulenga, kukwepa na kuangalia pande mbili kwa wakati mmoja, na vifaa vyake ni mpira wa matambara, chupa na mchanga. Wasichana wangu waliokataa kabisa kushika mpira wa kikapu niliwaanzisha kwa rede.

Kuhusu wasichana, niongeze. Wakikaa pembeni siku fulani usiwaulize mbele ya watu. Mimi nina taulo za kike kabatini na sketi mbili za akiba, na tumekubaliana neno: akisema "mwalimu, nahesabu alama leo", nampa daftari na kipenga, anakuwa mwamuzi. Wavulana hawajawahi kujua maana yake, na nimepata waamuzi watatu wazuri sana.

---

Kijana_wa_Ajira #11

Mwalimu unaandika vizuri ila tuwe wakweli. Kaka yangu alihitimu michezo, amekaa miaka minne mtaani. Unawashauri watoto wa watu wakasomee njaa?

---

MwalimuKipenga #12

Swali la haki kabisa, na pole kwa kaka yako.

Simwambii mtu kwamba ajira ipo inamsubiri. Mimi mwenyewe nilikaa mwaka mmoja na nusu, nikajitolea shule ya jirani kwa nauli tu, na jioni nikawa nawafanyisha mazoezi akina mama wenye kisukari na shinikizo la damu pale mtaani. Yale ya akina mama yalinilisha. Nilijua kupima mapigo, kujua nani apunguze na nani asiiname ghafla, kwa sababu niliyasomea. Shule binafsi nyingi zinahitaji mtu wa namna hii. Ndiyo maana nasisitiza somo la pili. Anayetaka uhakika wa mshahara siku ya kuhitimu, sitamdanganya, asichague kwa maneno yangu. Anayetaka kazi hii kwa sababu anawaona wale 49 pembeni, huyo aje.

Kaka yako yuko mkoa gani? Niandikie inboksi, kuna mambo mawili ya kujaribu.

---

Mdogo_wa_CBG #13

Dada nimeshajaza maombi. Michezo na Baiolojia. Wakati nasubiri, najitolea shule ya msingi niliyosoma. Mwalimu mkuu ameniuliza kama naweza kuwachorea kiwanja cha riadha kwa ajili ya mashindano ya kata. Kuna uwanja wa mpira tu, mita 400 haiingii. Nifanyeje?

---

MwalimuKipenga #14

Hongera mdogo wangu! Chora wa mita 200.

Nyoosho mbili za mita 40. Nusu duara mbili za nusu kipenyo mita 18.90. Kwa kuwa hakuna ukingo, mkimbiaji anahesabiwa sentimita 20 nje ya mstari, kwa hiyo mzunguko unapigwa kwa mita 19.10, unapata 120, ukijumlisha 80 za nyoosho ni 200. Njia nne za upana wa mita 1.22 zinatosha, jumla utahitaji kama mita 88 kwa 48, uwanja wa mpira unabeba.

Kwanza pata mstatili wa katikati, mita 40 kwa 37.80. Pembe zake zinyooshe kwa kamba ya 3, 4, 5: pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5 inakupa pembe mraba. Kisha piga kigingi katikati ya kila upande mfupi, hapo ndipo kamba ya 18.90 inapozungukia. Tumia kamba isiyovutika, na uipime upya kila baada ya nusu duara kwa sababu fundo hulegea. Kama chokaa hakuna, majivu yaliyochekechwa yanafaa, mwagia maji kidogo kwanza.

Kwa mbio za mzunguko mmoja, kila njia ianze mita 7.67 mbele ya iliyotangulia. Ile 7.04 niliyoitaja mwanzo ni ya kiwanja chenye ukingo, wewe usiitumie.

Tuma picha ukimaliza.

---

Mdogo_wa_CBG #15

Tumemaliza jana saa kumi na mbili jioni, mimi na watoto wa darasa la sita. Pembe moja ilikataa mara mbili. Leo asubuhi kabla ya namba nimewakuta wa darasa la kwanza wanatembea juu ya mistari, mmoja mmoja, hawataki kuikanyaga nje.